Chaji ya Kufika Gachoka

Mashine ilinguruma kama friji kuukuu, na Mama hakuwa ameacha kuitazama tangu tuegeshe gari. Asubuhi ile daktari wa Embu alikuwa ametuambia turudi nyumbani, kwamba hakuna tena cha kufanya. Alisema hivyo kwa upole. Mimi nikajibu "sawa, daktari", nikaenda kutafuta mahali pa kuchaji gari letu la umeme, kana kwamba nimetajiwa bei ya vitunguu.

Halimah, mwanamke aliyesimamia stesheni, alinionyesha pa kuchomeka kebo. Nikalipa kwa simu. Kwenye kioo cha mashine asilimia zikaanza kupanda.

"Mnaenda wapi?" aliniuliza.

"Kianjai."

"Ai, huko ni mbali. Hapo utangoja kama saa nzima."

Nilifarijika. Kungoja ni kitu ambacho ningeweza.

"Gachoka," Mama akasema dirishani.

Nilidhani dawa zimemchanganya. Gachoka ndiko alikozaliwa, na ndiko alikoishi dada yake, Veronicah. Mama alipoolewa Kianjai, Veronicah alibaki peke yake na mama yao kipofu, akimlisha na kumwogesha hadi mwisho. Siku ya mazishi, nikiwa bado mtoto, nilimsikia akimwambia Mama mbele ya watu asikanyage tena pale. Hakukanyaga. Jina la Veronicah halikutajwa kwetu hata kwenye maombi.

"Mama, watu wanakungoja nyumbani."

"Najua."

"Na akikufukuza?"

"Anifukuze nikishamwona."

Halimah alitutazama kwa zamu. "Gachoka hata kwa chaji ya saa hii mnafika," alisema polepole. "Ukitaka kutoa, simamisha kwanza kwa simu, ndiyo kebo iachilie. Pesa iliyobaki inarudi kwa akaunti yako." Akamgeukia Mama kama anayemwambia bibi yake: "Pole, Cucu."

Nilisimama pale, kidole juu ya simu. Nilitaka nihisi woga, au hata hasira, ili nijue la kufanya. Ndani yangu mlikuwa kimya tu, kama nyumba iliyohamwa. Mama hakunihimiza. Alivuta mkanda wa gari, akajifunga mwenyewe.

Nikabonyeza. Mngurumo ukakatika. Kebo ikatoka, nzito na yenye joto.

Tulimkuta Veronicah uani akipepeta ndengu. Alitazama gari, kisha akamtazama mtu niliyemshika kiunoni. Hakusimama. Mama alijikokota hadi kwenye mkeka, akaketi kando yake bila kukaribishwa. Makapi yakaendelea kupeperuka, mengine yakitua kwenye kitambaa cha kichwa cha Mama.

"Umekonda," Veronicah alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Umekula?"

"Bado."

Aliweka ungo chini, akaingia jikoni.

Mama hakurudi Kianjai akiwa hai. Veronicah alimlisha na kumwogesha majuma yote yaliyobaki. Simu ya kifo ilinikuta kazini, Kinoru. Nilimsikiliza Veronicah mpaka mwisho, kisha nikamaliza kumhudumia mteja aliyekuwa mbele yangu.

Tulimzika Kianjai, kando ya Baba. Veronicah alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufika kwetu. Watu walipotawanyika, aliniuliza dada yake alikuwa akilala wapi. Nikampeleka chumbani. Alivua viatu, akavipanga chini ya kitanda, akalala upande wa ukutani, akiacha nafasi ya mtu mwingine.