Kigae cha Kisiwani

Januarius Sayi alipopofuka kabisa kwa presha ya macho, mwaka 1995, studio yake ya picha mjini Bariadi haikufungwa. Mkewe, Milembe, alikuwa anajua kila kitu: kupima mwanga, kusafisha filamu, kuchapa picha katika chumba cha giza. Januarius ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha na Kireno, kila Jumapili baada ya misa, kwa sababu alitaka nyumbani awepo mtu wa kuelewa anachozungumza.

Alichozungumza kilikuwa kimoja. Kati ya mwaka 1976 na 1978 alifanya kazi ya picha katika Kisiwa cha Msumbiji, na picha ishirini na mbili za huko zilijaza ukuta wa studio: ngome ya Wareno, mizinga iliyoelekea baharini, kuta za vigae vya buluu, kanisa dogo kwenye ncha ya kisiwa. Wakulima waliotoka kuuzia pamba makampuni mapya walikuja kupiga picha ya familia, wakajikuta wanafundishwa vigae. Walimwita Mreno. Katika picha moja, mwanamke kijana aliketi juu ya ukuta wa ngome. Januarius alieleza siku zote kwamba alimweka pale ili mtazamaji ajue kimo cha ukuta.

Hawakuwa na mtoto. Ndugu za Januarius wa kijijini Mwamapalala walimwita Milembe tasa, wakati mwingine mbele yake. Januarius alimwambia, tangu mwaka wa pili wa ndoa, kwamba huenda kasoro ilikuwa ya kwake yeye mume, si ya mkewe. Milembe aliishi miaka kumi na minne kwa maneno hayo.

Machi 1996 ilifika barua. Constantine wa posta aliitangaza tangu mlangoni: imetoka Msumbiji. Januarius alisimama. Milembe aliifungua, akaisoma kimya mpaka mwisho. Iliandikwa na Lurdes, msichana wa miaka kumi na minane. Mama yake, kabla ya kufa, alimwachia picha mbili ambazo Januarius aliwatumia zamani, zenye muhuri wa studio nyuma. Hakuomba kitu. Alitaka kuja mwezi wa nane kumwona baba yake, ikiwa yu hai na atamwambia njoo.

"Nani?" Januarius aliuliza.

Milembe alisema ni Marcelo, yule mzee wa duka la filamu kisiwani. Anasalimu tu.

"Hakutaja mtoto?"

"Mtoto gani?"

Januarius alipapasa kiti, akaketi. "Watoto wake," alisema. "Marcelo alikuwa na watoto wengi."

Milembe alimpa muda wa kuongeza neno. Hakuongeza.

Studio ile iliitwa mara kwa mara misibani, kupiga picha ya marehemu kabla jeneza halijafungwa. Milembe aliujua mpangilio. Jumamosi alimwambia mumewe alale chali bila mto, dawa ya macho isimwagike. Alimfunika shuka jeupe mpaka kidevuni, kwa sababu ya nzi. Alitandaza rozari juu ya shuka na kusimamisha mshumaa kila upande wa kichwa. Januarius akasikia kamera.

"Unapiga nini?"

"Najaribu filamu. Napiga shuka."

"Shuka jeupe? Usiiamini mita ya mwanga, itakutolea kijivu. Fungua lenzi stopu moja, mwanga uzidi."

Milembe alifungua stopu moja. Picha ilitoka safi. Aliitia katika bahasha pamoja na sentensi nne za Kireno kisicho na kosa: Januarius amefariki, amezikwa, hakuacha ndugu, usisumbuke kuja.

Januarius naye aliagiza iandikwe barua kwa Marcelo, kuuliza hali ya watu wa zamani, akiwemo yule mwanamke wa ukutani. Milembe aliiandika kama alivyotamkiwa, kisha akaitumia kuwashia moto. Mwezi wa nane ulipita. Kila Ijumaa Constantine aliulizwa, na kila Ijumaa alijibu hakuna.

Oktoba ilifika bahasha nene. Ndani mlikuwa na picha moja kubwa.

"Ni lile kanisa la ncha ya kisiwa," Milembe alisema. "Wameweka kigae kipya chenye msalaba ukutani."

"Kuna mtu?"

"Hakuna."

Kando ya kigae alisimama msichana aliyevaa nguo nyeusi, mwenye paji la uso la Januarius. Kigae chenyewe kilikuwa na msalaba, na chini yake: JANUARIUS SAYI, 1948–1996.

Januarius aliagiza picha itundikwe katikati ya ukuta. Kesho yake alikuja Kija, mkulima wa Mwamapalala, na mkewe na watoto watatu. Januarius alisimama chini ya picha, akagusa fremu kuhakikisha imenyooka, akawaeleza kwamba Wareno huweka kigae cha namna ile ili mtu wao asisahaulike.

Kija alisoma polepole, kisha akasoma tena. "Mayu," alianza kwa Kisukuma, kama anayemwita mama, akimgeukia Milembe. Milembe alimwonyesha benchi la kukaa. Kija alivua kofia. Mkewe akawavuta watoto upande wa mlango.

Januarius aliusikia ukimya ule, akatabasamu. "Mnaona?" alisema. "Kitu kizuri hakihitaji maneno. Milembe, nipige na mimi nikiwa hapa hapa."

Milembe alimwambia ainue kidevu kidogo, akapima mwanga.