Miguu ya Mugambi

Nakutega, wewe unayesikiliza: nina watumishi wawili, wameshiba, hawana kidonda, lakini nikiwatuma dukani kila mmoja anashika njia yake. Umeshindwa? Ni miguu ya Mugambi wa Mikinduri.

Zamani huyo Mugambi akifunga miraa kwa majani ya mgomba, vidole vyake vilikimbia kuliko macho yako. Siku hizi fundo linamtoroka, chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni, na pale sokoni wanamwita Mzee Chupa. Hata kanisani wamemnyang'anya kapu la sadaka.

Dada yake mkubwa, Nkirote, akampeleka hospitali, Meru mjini. Daktari, msichana mpole, akamwambia Mugambi afumbe macho aguse pua. Kidole kikatua shavuni.

"Hata pua imehama," Mugambi akasema. "Tena bila kuaga!"

Daktari akacheka. "Nguvu unazo, mzee. Ni misuli haisikizani. Huenda ni pombe, kiharusi, dawa fulani, au vitamini imepungua. Tutapima. Lakini hali hii pia hurithiwa. Kwenu kuna mwingine aliyetembea hivi?"

"Mimi nilizaliwa mwisho. Muulize dada."

Nkirote akatazama viatu vyake.

Akilini alimwona mama yao, zile siku za utoto, mlangoni, anasokota katani pajani, anasuka kiondo huku akiimba. Kiondo cha mama kilikuwa kinashika maji, karibu! Kisha mwaka mmoja uzi ukaanza kukosa tundu. Mama akawa anatembea ametanua miguu, kama mtu anayeruka matuta ya viazi. Baba akawaita wasichana wote wanne jikoni: "Mkiulizwa, semeni mama amekunywa." Mlevi huombewa akaokoka, lakini nyumba yenye ugonjwa wa ukoo, nani angeleta posa? Wote wanne waliolewa. Na mama, majirani wakipita, alikuwa anacheka kwa sauti kubwa ili waamini.

Sasa mwezi wa nane wageni wanakuja kumposa Gatwiri, binti ya Mugambi.

"Shosho?" daktari akamuuliza bibi Nkirote.

"Dada," Mugambi akasema polepole, "kama unajua, sema. Nimechoka kuitwa mlevi. Na huyo mtoto wangu, si afadhali ajue mapema?"

Nkirote akaweka mkoba chini.

"Ni mama yetu," akasema. "Na pombe hakuonja, hata tone."