Taa wa Fredy, Muhanga wa Donatus

Wivu ulimpanda Donatus siku Nyamizi alipoacha maharage yaungue kwa kumsikiliza Fredy. Nyamizi, mama lishe aliyetokea Mhunze, hakuwa mtu wa kuunguza chungu. Na Donatus, mchimbaji wa Kahama, mwaka mzima alikuwa akila kwake na kumeza mate kwa mengine. Leo huyu Fredy wa Tanga, wiki mbili tu pale machimboni Nyarugusu, anamteka kwa habari za samaki!

Fredy alimsimulia kuhusu taa, samaki bapa kama chapati, mwenye mkia wa mjeledi. Hujifukia mchangani akabakiza macho, akatulia tuli, atakayemkanyaga atajuta. Nyamizi akacheka, akauliza, akacheka tena. Roho ilimuuma Donatus kama jino bovu.

Akadakia kwamba samaki wa kulala chini si lolote, mnyama ni muhanga: kwa kucha zake hutoboa ardhi ambayo wanaume sita wenye sururu hawaiwezi. Fredy akasema huenda, ila hajawahi kumwona. Nyamizi akasema hata yeye hajamwona, basi wamwamini vipi? Hapo wivu ukamvua Donatus akili.

“Nendeni nyuma ya kichuguu chekundu, njia ya kisimani,” alisema. “Shimo lake liko pale. Kifusi alichotupa nje kina mawe yenye dhahabu. Nimeyatwanga mwenyewe.”

Siri hiyo alikuwa ameificha siku tisa, akimsubiri kaka yake kutoka Nyasubi waje wachimbe pamoja. Desturi ya machimbo ni kwamba duara, yaani shimo la kuchimbia, ni la aliyepiga vigingi kwanza, na lisipochimbwa siku ileile huchukuliwa na mwingine. Dhahabu hiyo ndiyo ingekuwa mahari ya Nyamizi.

Fredy alimaliza chai, akanawa mikono, akatoka taratibu. Donatus angeweza kumwahi, lakini Nyamizi alikuwa amemkazia macho kwa mara ya kwanza, na kwa utamu wa macho yale akaagiza chai ya pili.

Alipofika kwenye kichuguu, vigingi vinne vilikuwa vimesimama na Fredy na wenzake wamezama ardhini hadi kiunoni.

Kesho yake njaa ilimlazimisha kuomba kazi humohumo. Mchana Nyamizi alileta chakula, akampakulia mwenye duara kwanza, kisha akamfikia Donatus, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

“Ulisema kweli, muhanga anajua kuchimba,” alimwambia, akimpa sahani. “Kunyamaza ndiko kulikomshinda.”