Yangu Yameshasemwa

Ile njia panda ilikuwa na sifa mbaya, na hakuna aliyeisingizia. Magari yalishuka mlimani bila breki wala haya, mengine yakaja mbio kutoka upande wa soko, mengine yakachomoza kwenye kituo cha mafuta, na katikati ya vurugu hiyo binadamu naye anatafuta mwanya wa kuvuka. Taa hakuna. Tuta hakuna. Mistari ya pundamilia iliwahi kuchorwa, ikafutika, na hata ilipokuwepo madereva waliichukulia kama pambo.

Hapo ndipo Seremala alipogongwa. Alikuwa amebeba kiti cha mteja begani, na amini usiamini, kiti kilitoka salama salimini, yeye ndiye akavunjika. Mguu wa kulia ulikauka, haukunjiki tena, na wa kushoto ni wa kubembelezwa. Magongo aliyopewa hospitali aliyaweka kando, akasema ni kazi ya mtu asiyejua mbao, akajichongea yake. Nyumbani aling'oa vizingiti vyote vya milango, akaweka vibao vya mteremko, maana mahali tambarare anakwenda vizuri tu, lakini kidato kimoja, hata cha urefu wa kiganja, kinamshinda. Na usimwonee huruma mbele yake, atakununia wiki nzima.

Sasa shida ni hii: nyumba yao iko upande huu wa barabara, karakana iko ng'ambo. Huko ndiko iliko meza yake ya kazi, na mashine ya kupasulia mbao anayoitumia kwa zamu na wenzake. Mwanamume huyu asipokuwa na ubao mkononi si mtu. Miezi aliyolala kitandani alikuwa ananyoosha mkono usingizini, anapapasa ubao wa kitanda kama anayetafuta pa kuanzia kupiga randa. Mkewe aliyaona hayo kwa macho yake, akajua kwamba siku mume wake atakaposhindwa kuvuka ile barabara, kitakachobaki ndani ya nyumba ni mwili tu.

Huyo mkewe ni msusi, na mtaani wanamwita hivyohivyo, Msusi. Saluni yake ni chumba cha mbele: kioo kimoja chenye ufa pembeni, viti viwili, na draya inayonguruma kuliko inavyokausha. Kila asubuhi aliwaacha wateja na vichwa nusu, akachukua taulo jekundu, akaingia barabarani kulipunga mbele ya malori huku mume wake akikokota magongo nyuma yake. Matusi aliyotukanwa pale, hata kuyasimulia ni aibu. Seremala alivuka amekaza uso, hamtazami mkewe mpaka wafike ng'ambo, maana kuvushwa kama ng'ombe kulimkera kuliko magari yenyewe. Wakishafika alimwambia haya, rudi, wateja wanakungoja.

Basi zikaja habari kwamba ofisi ya barabara inataka maoni ya wananchi. Njia panda itatengenezwa, na michoro iko miwili. Wa kwanza una taa, matuta na kivuko cha chini, magari yasimame watu wapite. Wa pili una daraja la juu la waenda kwa miguu, na huku chini uzio mrefu ili mtu asivuke ovyo. Mtaa mzima ukataka ule wa kwanza, bila ubishi. Msusi alilala usingizi mzuri siku hiyo, kitu ambacho kilikuwa kimemtoka siku nyingi.

Lakini watu wa mtaa ule wana adabu zao. Mkutanoni mkubwa akishasema, wengine hawarudii. Kurudia maneno ya mwenzio ni sawa na kumwambia hakuyasema vizuri. Zamu ikikufikia unasema, "Yangu yameshasemwa," unakaa, na kila mtu anaelewa kwamba uko pamoja na aliyesema. Kwa mtindo huo wameozeshana, wamezikana, wamegawana zamu za bomba la maji, na hawajawahi kushikana mashati. Kwa hiyo wakakubaliana Mwalimu mstaafu awe mdomo wao. Amewafundisha karibu wote, na kipaza sauti hakimtishi.

Msusi alimfuata Mwalimu nyumbani kwake, akamwomba ataje miguu ya mume wake, kwamba yuko mtu asiyeweza ngazi. Mwalimu alikubali palepale, akamwambia, binti yangu, hilo ndilo nitaanza nalo. Aliyekataa ni Seremala mwenyewe. Alisema hataki kusimamishwa mbele ya ukumbi awe mfano, halafu kesho watu wamwonyeshe kidole sokoni. Mwalimu akamheshimu. Yaani pale kila mtu alimheshimu mwenzake mpaka basi.

Siku ya mkutano ukumbi ulifurika. Mhandisi alibandika michoro yake ukutani, na pembeni ya meza alikaa dada wa ofisini na laptopu. Mhandisi akaeleza wazi kabisa kwamba kila mwenye maoni aseme lake, nalo litaandikwa. Alilisema, kwa hilo hatuwezi kumlaumu. Watu waliitikia kwa vichwa, kila mmoja akiamini kwamba hilo lao liko mikononi mwa Mwalimu.

Mwalimu akasimama, na kwa kweli alisema. Alisema habari za taa, za matuta, za watoto wa shule, za kina mama wenye mizigo, akaomba mchoro wa kwanza kwa Kiswahili kilichonyooka. Makofi yalilipuka. Kisha kipaza sauti kikapitishwa kwenye mabenchi. Muuza mkaa akasema yake yameshasemwa. Fundi baiskeli, yake yameshasemwa. Wifi yake Msusi, ambaye kwa kawaida hakosi neno hata msibani, naye akasema yake yameshasemwa. Benchi kwa benchi, hivyohivyo, na dada wa laptopu vidole vyake vimetulia.

Kikamfikia Msusi. Neno lilikuwa limemkaa kooni, neno moja tu, kwamba yuko mtu hapa ambaye mkijenga ngazi mtakuwa mmemfungia nje. Akageuza kichwa. Seremala alikuwa amesimama ukutani, kiti amekataa, akamtazama mkewe akatikisa kichwa kidogo, hapana. Dada wa ofisini naye alikuwa amemkazia macho Msusi, anangoja.

"Yangu yameshasemwa," Msusi akasema, akakipitisha.

Halafu wakaja wa ng'ambo: mwenye kituo cha mafuta, madereva wa malori wanaojaza kwake, wenye maduka makubwa. Hao sasa! Wa kwanza akasema magari yasisimamishwe, daraja ndilo maendeleo. Wa pili akasimama akasema yaleyale, neno kwa neno. Wa tatu, yaleyale. Watu wa mtaani walizibana mbavu wasicheke. Wifi akamnong'oneza Msusi kwamba wale hawakulelewa, hawaoni hata haya kumrudia mwenzao. Walirudi nyumbani kifua mbele, wakamnunulia Mwalimu soda.

Ikakatika miezi. Asubuhi moja Msusi alitoka na taulo lake akakuta wanaume wenye kofia ngumu wanachimba shimo pembeni ya barabara. Aliuliza ni shimo la nguzo ya taa? Wakamwambia la, nguzo ya daraja. Alimvusha mume wake kimya, wateja akawaacha na vitana vichwani, akaenda moja kwa moja ofisi ya barabara.

Yule dada alimkumbuka. Alimpa kiti, akamfungulia laptopu, akamgeuzia aone mwenyewe. Waliotaka mchoro wa kwanza: mmoja. Waliotaka daraja walijaza ukurasa.

"Tulikuwa ukumbi mzima," Msusi akasema.

"Najua, mama. Nilikuwepo. Lakini mlisema yenu yameshasemwa, na mimi hilo sina pa kuliandika."

Msusi alimweleza yote, adabu za mtaa, Mwalimu, mume wake na miguu yake. Hakulia, alijikaza. Dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema jambo ambalo pengine angelinyamazia, ila alikuwa mtu mkweli, na wakweli wana namna yao ya kuumiza. Alisema mchoro wa daraja mwanzoni ulikuwa na njia ya mteremko pande zote mbili, ya viti vya magurudumu na watu wa magongo. Ingekula sehemu ya kiwanja cha kituo cha mafuta, mwenyewe akalalamika, na kwa kuwa hakuna mwananchi hata mmoja aliyeiulizia, ikaondolewa.

"Angeulizia mmoja tu tungebanwa kuibakiza," alisema. "Nilikungoja siku ile, mama. Nilikuona una neno."

Msusi aliuliza kama sasa anaweza kulisema. Dada akajibu kwamba zege limeshaanza kumwagwa. Msusi aliinuka kitini akashukuru, ndivyo alivyolelewa, akatoka nje akasimama kwenye jua hajui ashike njia ipi. Habari ya mteremko ule Msusi hakumwambia mumewe. Mpaka leo hajamwambia.

Daraja likaisha, likapakwa rangi, na uzio ukajengwa toka kituo cha mafuta hadi huko kwenye mzunguko, mbali. Siku ya kwanza Seremala alitoka alfajiri kabla watu hawajajaa. Alizitazama ngazi kutoka chini hadi juu, akampa mkewe magongo, akageuka, akakaa kwenye kidato cha kwanza. Akajiinua kwa mikono hadi cha pili. Kisha cha tatu. Alipanda kwa makalio, miguu inaburutika, na Msusi nyuma hana la kumsaidia kwa sababu amekatazwa. Watu wakaanza kuja, wanawahi kazini. Wakampita pembeni, wengine wakasema pole Fundi, wengine wakamruka mguu huku wakiangalia kwingine, na hao ndio majirani zake wa miaka yote. Mwalimu naye alipita. Alisimama, akavua kofia, akaendelea.

Pale ngazi zinapopumzika, kabla hazijageuka kwenda juu zaidi, Seremala alisita. Alimtazama mkewe machoni.

"Nishushe," akasema.

Tangu waoane hakuwahi kumwomba msaada wa mwili, hata alipokuwa kwenye plasta. Msusi alimshika makwapani akamshusha kidato kidato, na moyoni alijua kinachoshuka pale si mguu tu.

Walihangaika, usidhani walikaa tu. Pikipiki haikufaa, mguu usiokunjika unakaaje juu ya pikipiki? Teksi ya kuzunguka hadi mzungukoni ilimeza alichokuwa anachuma. Msusi akatoa kiti kimoja saluni, akaweka meza ya kazi pale dirishani. Haikupita muda vumbi la mbao likawa linatua kwenye vichwa vilivyopakwa mafuta. Wateja hawakusema kitu, walipungua tu mmoja mmoja, na aliyeona kwanza ni Seremala. Alimwambia mkewe aitoe ile meza, watu wake wanakohoa. Baadaye wenzake wa karakana walikuja, wamevuka juu ya daraja, wakamletea randa zake ndani ya gunia na kumweleza kwa upole kwamba nafasi yake ameishika mtu mwingine, kazi haingojei. Aliwashukuru, akawasindikiza hadi mlangoni. Gunia lilisukumwa chini ya kitanda, na hajalifungua.

Na kilichomkaba Msusi kuliko vyote ni kwamba daraja lilifanya kazi. Watoto wa wifi yake wanavuka wanakimbizana, kina mama wanavuka na mizigo yao, na tangu lijengwe hajagongwa mtu. Angelilaani vipi? Alijaribu mara moja, jikoni, peke yake, akaona anawatakia mabaya watoto wa watu, akaacha. Mume wake anashinda mlangoni kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe, magongo yameegemezwa, anatazama watu wanavyopanda na kushuka. Mikono yake imelainika, ile sugu yote imeondoka, na akimshika mkewe, mkewe anahisi kama ameshikwa na mtu mwingine.

Juzi yule dada wa ofisini amerudi. Safari hii hakuna ukumbi, anapita nyumba kwa nyumba na simu kubwa ya kioo, anakusanya maoni baada ya mradi. Mtaa ulikuwa umeshajifunza. Muuza mkaa alisema, fundi baiskeli akasema yaleyale, wifi akasema yaleyale na kuongeza chumvi, Mwalimu akasema kwa sauti iliyokatika. Msusi aliongea mpaka sauti ikamkauka: ngazi, mteremko, mume wake, kila kitu, na Seremala akiwa palepale anasikia, na safari hii hakumtikisia kichwa. Dada aliandika lote. Kisha akaeleza, kwa haya, kwamba maoni ya awamu hii yanahusu taa za darajani na rangi ya uzio. Mengine atayapeleka juu, ila asimdanganye mtu, juu huko mradi umeshafungwa.

Akamgeukia Seremala. Aliinama kidogo, kwa heshima, akamuuliza na wewe baba, una la kusema?

Seremala aliitazama ile simu, akalitazama daraja, akamtazama mkewe aliyesimama na kitana mkononi.

"Yangu yameshasemwa," akajibu.

Dada alisubiri kidogo, kidole kikiwa juu ya kioo, kisha akasogea nyumba ya pili.