Siku Sinia Liliporudi na Wali

Usevya nzima Kalisti alijulikana kwa jina la Mashine, na usidhani ni mashine ya kushonea. Ni ile ya kukoboa mpunga, ambayo ukiimiminia debe hili inakudai lingine. Tangu ujana wake, akishakaa kwenye sinia, wenzake walikula kwa haraka kama watu wanaookoa vyombo kwenye nyumba inayoungua, na bado walinyanyuka na njaa. Shemeji yake Masunga, aliyemuoa dada yake Helena, alikuwa na utaratibu wake: akisikia Kalisti amealikwa kwenye sherehe, anakula kwanza nyumbani kwake ndipo anakwenda.

Sasa Julai hii Kalisti aliposhuka kwenye basi la kutoka Mpanda, akiwa likizo kutoka Dar es Salaam anakotunza stoo ya vipuri, Masunga aliyekuja kumpokea na pikipiki alimpita mara mbili akiendelea kumtafuta. Mara ya tatu akasimama, akamwangalia kuanzia viatu hadi kofia, akamuuliza yule mtu mwingine amemwacha wapi. Kalisti akacheka tu, akapanda. Zamani akikaa nyuma ya pikipiki ile, taa ya mbele ilikuwa inamulika mbinguni. Safari hii walimpitia na Helena gengeni, wakaenda mshikaki watatu na kapu la nyanya juu, na pikipiki haikulalamika.

Ukweli ni kwamba miezi minane nyuma Kalisti alifanyiwa upasuaji. Sukari ilikuwa juu, magoti yalikuwa yanalia kama bawaba, na usiku alikuwa anakoroma mpaka wapangaji wenzake wakafanya kikao. Madaktari wakaukata mfuko wake wa chakula, wakaacha kipande chembamba mfano wa ndizi, wakashona. Mtaalamu wa lishe, dada mmoja mpole asiyetaniwa, akampa masharti: aanze na samaki, mayai au maharage, wali uje nyuma, tonge liwe dogo, litafunwe mpaka liwe uji, asinywe maji katikati ya kula, na akisikia ameshiba, hata kama bado tonge moja, aache. Akikaidi, tumbo lenyewe litamfundisha.

Kijijini hakumwambia mtu. Angeanzia wapi kumweleza mama yake kwamba tumbo alilolihangaikia yeye kulijaza, watu wamelikata na mwenyewe akasaini? Kwa hiyo alikuja na shida moja tu kichwani: amalize likizo bila kutapika mbele za watu na bila kumvunja moyo mama yake, Emerensiana, mwanamke anayepima mapenzi kwa upawa.

Siku ya kwanza mama alimpakulia wali uliopanda kama kichuguu, akaegemeza paja la kuku pembeni ili usiporomoke. Kalisti alikula alichoweza, kingine kikapita chini ya meza kwa mbwa. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu mbwa yule, ambaye miaka yote alikuwa akimbwekea, alianza kumfuata mpaka chooni, akimsubiri mlangoni kama mlinzi wa mheshimiwa.

Siku ya nne mama alileta kiti chake akakaa mbele yake, amwone mwanaye anavyokula. Kalisti akaona aibu. Akapiga matonge manne makubwa ya harakaharaka, kizamani. Wali ukamkwama kifuani kama tofali, mate yakamjaa, jasho likamtoka, akanyanyuka kwenda kuzungukia nyuma ya migomba. Mama hakumfuata, ila masikio yake yalifika.

Jioni ile Emerensiana alimuuliza Helena, kwa sauti ya chini, kama kaka yake anaumwa ule ugonjwa. Kesho yake kisimani kila mtu alikuwa na lake la kusema. Wengine walisema ni kifua, wengine amerogwa na wafanyakazi wenzake, na wengine, hao ndio waliomuumiza mama, walisema kijana amekuwa na dharau ya mjini, anaogopa kutiliwa kitu kwenye chakula cha kwao. Ukikataa chakula cha mtu kule, umemwita mchawi kwa adabu.

Helena alimpelekea kaka yake habari zote hizo, na ya mwisho ikiwa nzito kuliko zote: Jumapili baada ya misa, baba yao mkubwa Bartolomeo anakula mpunga mpya, na Kalisti ndiye mgeni wa sinia.

Kwa mzee Bartolomeo sinia lina sheria yake. Mgeni ndiye anatia mkono wa kwanza, hakuna anayenawa kabla yake, na mgeni akinawa, wote wananawa, hata kama ndio kwanza ulikuwa unalenga mnofu. Kalisti alipiga hesabu usiku kucha. Akinawa baada ya tumatonge twake, wanaume wazima watalala njaa na mzee ataaibika kwa mke wake. Akila kwa mwendo wao, atatapikia mkeka wa baba mkubwa mbele ya ukoo. Njia ya tatu hakuiona.

Jumapili ikafika. Mkeka ukatandikwa kivulini, mikono ikanawishwa, likaja sinia ambalo lilibebwa na wanawake wawili. Wali mpya, mweupe, unanukia mpaka kwa majirani, na katikati samaki wakubwa wa Ziwa Rukwa kwenye mchuzi wa nyanya. Walikaa watano: mzee Bartolomeo, vijana wake wawili wa kulima, Masunga na Kalisti. Masunga alikuwa amejisogeza kabisa, magoti yamegusa sinia. Akatangaza kwamba leo Mashine inawashwa, kila mtu ashike upande wake na asije akalaumu mtu.

Kalisti alinyofoa kipande cha samaki kisichozidi haragwe. Akatafuna. Wenzake walishapiga matonge matatu, yeye bado anatafuna. Akauweka mkono kwenye ukingo wa sinia, ukatulia pale kama umesahauliwa, akauliza mavuno yamekwendaje. Hapo ndipo akili ilipomfungukia. Sheria ya mzee ilisema mgeni akinawa. Haikusema mgeni ale kiasi gani, wala anawe saa ngapi.

Mashine ya zamani haikuwahi kuongea kwenye chakula, maana mdomo ulikuwa kazini. Sasa alikuwa na muda wa kutosha. Akawaelezea stoo yake, bosi anayejifungia ofisini kula mihogo, mafoleni ya Dar. Punje chache za wali, kutafuna, mkono ukingoni, habari nyingine. Masunga naye macho yalikuwa kwenye ule mkono. Mwisho uvumilivu ukamwishia.

"Shem, unakula au unakagua?"

Kalisti akameza. Alitazama upande wa jikoni, akamwona mama yake amesimama mlangoni na mwiko. Akaamua.

"Nakula. Ila tumbo lenyewe ni dogo siku hizi. Walilikata hospitali, baba mkubwa. Nilikuwa naelekea kufa na sukari. Limebaki kama ndizi."

Mikono yote ikasimama hewani. Mzee Bartolomeo akauliza taratibu wamekata wapi, na Kalisti akapandisha shati akawaonyesha tumakovu tudogo. Vijana wakainama kuangalia. Masunga naye akaangalia, akafikiri.

"Na kile kipande kingine wamekipeleka wapi?"

"Sikuuliza."

"Nyie watu wa mjini hamna akili. Ungekuja nacho, tungepata supu ya ukoo mzima."

Mzee Bartolomeo alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko chake kikawa ruhusa kwa wengine. Alipotulia akauliza swali moja, la mtu mzima.

"Kwa hiyo sasa hivi unashiba?"

"Nashiba, baba mkubwa. Zamani nilikuwa sijui kushiba. Nilikuwa najua chakula kuisha."

Mzee akawaambia waendelee kula, mgeni hajanawa. Wakaendelea. Na kwa kuwa safari hii hakukuwa na wa kushindana naye, walikula kwa raha, na kwa kuwa mgeni alikuwa bado anatafuna, hakuna aliyeruhusiwa kuacha. Kijana wa kwanza akalegeza mkanda. Wa pili akajinyoosha kidogokidogo mpaka akawa amelala kiubavu, tonge mkononi. Kalisti kipande cha samaki, kutafuna, mkono ukingoni, akawauliza kuhusu bei ya mbolea.

Ilipofika zamu ya Masunga, jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Miaka yote alikuja na mbinu za kuwahi kabla chakula hakijaisha. Mbinu za chakula kisichoisha hakuwa nazo.

"Shem," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba dhamana. "Nawa. Nakuomba. Tunakufa."

"Bado kidogo. Huyu samaki mtamu."

Akamtafuna taratibu mpaka akasikia ile dalili aliyofundishwa, mgandamizo mdogo chini ya kifua, kama mtu anayekugusa bega. Zamani asingeisikia hata ingepiga kengele. Lilikuwa limebaki tonge moja zuri pale mbele yake, limeloa mchuzi. Akaliangalia, akaliacha, akaomba maji ya kunawa. Wanne wale walinawa kama watu waliotolewa lupango.

Sinia likarudi jikoni na wali. Katika nyumba ile, kwenye sinia alilokaa Kalisti, haijawahi kutokea. Emerensiana aliupokea kwa mashaka, akamuuliza shemeji yake Bartolomeo kama labda chumvi ilizidi. Mzee, akiwa ameegemea ukuta na mikono juu ya tumbo, akajibu kwamba chumvi ilikuwa sawasawa. Ni mwanao ametushinda wote kwa kula, na tena alichokula kimezidi cha mtoto mchanga kidogo tu. Akaagiza mtu yeyote atakayesikika kisimani akisema kijana ana dharau aletwe kwake, akalishwe.

Jioni Emerensiana alimkuta mwanaye uani anapasua kuni, shoka linapanda na kushuka bila kupumzika, kazi ambayo mwaka juzi ingemlaza. Mbwa alikuwa amelala pembeni, amekata tamaa. Mama akasimama akimtazama, kisha akatoa kisahani cha chai alichokuwa amekishika nyuma ya kanga.

"Hiki kinatosha?"

Kalisti akakiangalia. "Kinatosha, mama. Ila nakula mara tano au sita kwa siku."

Uso wa Emerensiana ukachanua. Akapandisha kanga, akaifunga kiunoni.

"Basi nitapika mara sita," alisema, akaelekea jikoni.