Kifuu Kando ya Ruta

Watu wa Miritini hawana salamu na fundi. "Mwarandu, intaneti imekatika, njoo saa hii!" Basi, simu imekatwa. Kwa hiyo siku mama Dama aliponipigia akaniuliza habari za mke, habari za watoto, mpaka habari za mgongo wangu, nilijua kuna jambo. Mwishowe akasema, "Mwanangu, Kai anaongea kwenye ruta."

Kai ni mwanawe. Tulimzika mwezi wa tatu, na jeneza nililishika mimi upande wa kichwani.

Nilikwenda mchana uleule, roho juu. Mama Dama ana vyumba vinane vya kupangisha, na wapangaji wake hununua intaneti kwa vocha. Mitambo hiyo tuliifunga mimi na Kai. Ukijiunga unafunguka ukurasa: unaandika jina lako na namba ya vocha, ruta inakujibu "Karibu" na jina lako. Chini kuna kisanduku cha ujumbe, kwa asiye na vocha na ana shida.

Nilimkuta ameketi mkekani mbele ya ruta. Swichi ameizungushia selotepu isizimwe, na kando yake ameweka kifuu cha maji. Mama huyu ni wa kwaya, Jumapili haimpiti, lakini kwao ni Kaloleni, na mambo ya koma, roho za wafu zinazowekewa maji, hayakumtoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Keti. Nyamvula, hebu muonyeshe."

Nyamvula ni mpangaji mgeni, anakaanga viazi karai pale wanapoegesha malori. Ukurasa ulimwambia aandike jina kamili. Mpangaji mwenzake huandika "Lenox" tu, akamaliza. Yeye alifunzwa kwao kwamba ukiulizwa jina kamili unataja na waliokuzaa. Akaandika mbele yangu: Nyamvula wa Boga wa Chengo Mwaro.

Ruta ikajibu: *Karibu Nyamvula wa Boga wa Chengo Mwaronipo getini kifua kimebana mwambie mama.*

Haki ya Mungu, mwili ulinisisimka mpaka kwenye visigino.

"Umeona?" mama Dama akasema. "Ametaja wazee, na Kai akaja."

Nilijitia ufundi, maana ufundi ndio uliokuwa karibu. Nikahesabu herufi za Nyamvula na nafasi zake: thelathini na mbili. Nikaelewa. Aliyetengeneza programu ya ruta ile aliliwekea jina nafasi thelathini na mbili, na mwisho wa jina mashine hutia alama ya kuiambia isimame. Jina likijaa mpaka ukingoni, alama haina pa kukaa. Mashine haisimami. Inasoma tu, inapitiliza, inatoa vilivyolala jirani kwenye kumbukumbu yake. Na ruta ile haikuwahi kuzimika tangu mwezi wa tatu, kwa sababu Kai mwenyewe aliifungia betri ya akiba.

Nikamweleza mama. Nikamwambia ni tundu, na tundu halichagui: kesho litatoa siri za wapangaji.

"Limeshatoa," Nyamvula akadakia. "Juzi lilinipa namba ya vocha ya Lenox. Amenuna mpaka leo!"

"Basi dawa ipo," nikasema. "Natia programu mpya, nazima, nawasha. Dakika kumi."

"Na maneno ya Kai?"

"Yatafutika, mama."

Akasogeza kifuu kidogo, kama anayemsogezea mtu chai.

"Sikatai," akasema. "Wapangaji ni watoto wa watu. Lakini akiondoka hivi ataondoka na hasira. Unajua koma akiwa na neno na wewe hakujii wewe, hupitia kwa mwingine. Anasema 'mwambie mama'. Kamwambia Nyamvula, mtu asiyemjua, lakini mimi hanitaki. Siku ile nilikuwa uani, redio juu. Nilisikia geti likigongwa mara moja. Nikasema ni wateja wa vocha, wangoje. Mwarandu, nilisema wangoje! Na dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta, ilikuwa hapa, juu ya kabati."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia namna ile, hata matangani.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Ujumbe ule niliujua wote. Ulianza na jina langu: *Mwarandu nipo getini kifua kimebana mwambie mama.* Ndani ya ruta, majina ya wateja yalikuwa yamelifuta langu, yakabakiza maneno yaliyofuata. Kai alikuwa na simu ya kuazima, haina salio, haina vocha. Kile kisanduku ndicho pekee kilichokuwa bure, naye alijua kinapeleka wapi. Mimi nilikuwa nimezima mlio wa ujumbe wa kisanduku hicho wiki mbili kabla, kwa kuwa wateja walinichosha. Niliusoma saa moja jioni, Kai akiwa tayari chumba cha maiti. Nikaufuta. Na mkono uleule ukabeba jeneza.

Ningeweza kuweka programu nikaenda zangu. Kidole kilikuwa kwenye kitufe, wallahi, kimebaki kubonyeza.

Mama Dama akafuta macho kwa leso. "Niambie kitu kimoja kabla hujazima. Hiki kisanduku cha chini, mtu akiandika, maneno huenda wapi?"

Nyamvula akaniangalia.

"Kwangu, mama," nikasema. "Huja kwenye simu yangu."

"Uliyaona?"

"Jioni. Nilikuwa nimezima mlio."

"Mwambie mama," akasema polepole. "Alikuwa akikwambia wewe."

"Ndiyo."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane, anipige na hicho kifuu. Alikaa tu, akipumua kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Halafu akabandua selotepu kwenye swichi, taratibu, akaikunja vidoleni.

"Zima."

Nikatia programu mpya. Taa za ruta zikafa, zikawaka moja moja. Nyamvula akaandika tena jina lake na wazee wake wote. Ikajibu: *Karibu Nyamvula wa Boga wa Chengo Mwaro*, basi, hakuna zaidi.

Mama Dama akainua kifuu kwa mikono miwili, akanipa. Maji yalikuwa yamejaa, nikayashika kwa hofu yasimwagike.

"Nenda nacho," akasema. "Mimi hakuwa na neno na mimi. Aliyeitwa ni wewe."

Kipo dirishani kwangu. Mke wangu ameuliza mara moja, hakuuliza tena. Kila asubuhi nabadilisha maji, na simu yangu siizimi mlio hata kanisani.