Kamera Isiyoshtua Tandala

Muuzaji wa kamera alikuwa na domo, na asubuhi ile domo lake lilimponza mtu ambaye hata jina lake hakulijua.

Mtu huyo alikuwa mwindaji. Aliingia dukani akifuatana na shemeji yake, mjane wa kaka yake. Miezi saba nyuma, risasi ya mdogo mtu ilimuua kaka mtu msituni. Tangu siku hiyo bunduki ilifungiwa kabatini kwa shemeji, na ufunguo aliuvaa shingoni. Sharti lake lilikuwa moja: kama mwindaji anataka kurudi porini kuwatafutia riziki watoto wa marehemu, atarudi na kamera, awapigie watalii picha za wanyama. Na kamera yenyewe ataichagua yeye shemeji.

Mwindaji alikubali bila kinyongo. Angekubali hata kwenda mikono mitupu, ilimradi mama huyu aendelee kumwamini, maana alikuwa amemdanganya.

Yeye na kaka yake walikuwa na sheria yao. Wakishaachana kichakani, hakuna kufyatua mpaka upige mluzi mara mbili na mwenzako ajibu, ujue yuko wapi. Sheria hiyo iliwakosesha nyama nyingi, na wawindaji wenzao waliwacheka sana. Siku ile tandala dume alisimama kampa ubavu, pembe zimepanda juu, na mwindaji akapatwa na tamaa. Hakupiga mluzi. Risasi ilimkosa tandala, ikampata kaka nyuma ya kichaka.

Kwa shemeji alisimulia vingine: kwamba tandala akiwa amesimama palepale alipiga mluzi, kaka akajibu kutoka kushoto, kisha kaka huyohuyo akahamia kulia kimyakimya. Wawindaji wenzake waliposikia hayo walitazamana, wakameza mate, wakanyamaza. Shemeji hakuwahi kukanyaga msitu, akaamini.

"Hii ya kwanza ni ngumu," muuzaji alisema, akiweka kamera nyeusi juu ya meza. "Mvua haiifanyi kitu, vumbi haliingii, hata ikianguka unaiokota mnaendelea na safari. Ila inalia." Akabofya. Klak! "Mama, ukibofya hii porini utarudi na picha ya mkia."

Shemeji akacheka kidogo. Mwindaji hakucheka.

"Sasa chukua hii. Lenzi yake inavuta mbali, na haitoi hata mnong'ono. Hii ndiyo ya porini."

"Kwani wanyama wanasikia kiasi hicho?"

"Hebu tuangalie betri kwanza," mwindaji akadakia.

"Betri siku mbili, bwana mkubwa, ondoa shaka." Muuzaji akamgeukia mama tena. "Wanasikia! Tandala ndio usiseme. Masikio yale hayakuwekwa kwa urembo. Ukikanyaga kijiti tu, kaondoka."

"Na mtu akipiga mluzi?"

"Mluzi?" Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. "Huyo utamtafuta kijiji cha pili! Muulize bwana hapa, si ndiye mwenye kazi yake?"

Shemeji aligeuka taratibu. "Nakuuliza basi, shemeji. Tandala akisikia mluzi, anasimama?"

Mwindaji alikuwa na jibu tayari, kuhusu upepo na jinsi sauti zinavyopotea. Alilitunga zamani kwa ajili ya siku kama hii. Lakini alimtazama machoni, aibu ikamzidi.

"Anakimbia," alisema.

Muuzaji alijua ameharibu, ila hakujua ameharibu nini, akaanza kufuta lenzi iliyokuwa safi.

"Miezi saba namsema marehemu," shemeji alisema kwa sauti ya chini. "Juzi tu nimewaambia wanangu baba yao alikufa kwa ukaidi wake."

Akanyoosha mkono, akaisogeza kamera nyeusi. "Tunachukua hii."

"Mama, hiyo si ndiyo inayolia?"

"Ndiyo hiyo hiyo. Akiwa huko porini, watu wasikie yuko wapi."

Nje jua lilikuwa kali. Shemeji alimkabidhi mwindaji kamera bila kumgusa vidole.

"Watoto wakitoka shule utakaa nao chini. Mimi nitasimama mlangoni. Utawaambia yote, kuanzia pale uliponyamaza."

"Sawa, shemeji."

Mama alitangulia mbele, naye mwindaji akamfuata kwa nyuma, kamera mikononi, akitafuta maneno ya kuanzia na asiyapate. Watoto wale walimwita baba mdogo na walikimbilia kumpokea kila alipobisha hodi. Alijua leo ni mara ya mwisho. Kidole kikabofya bila yeye kutaka.

Klak!

Hatua kumi mbele, shemeji aliruka, akajikinga kifua kwa mikono miwili. Alibaki hivyo kitambo, akihema, kisha akaendelea kutembea bila kugeuka.